Ngome za Rhine zilikuwa mageti ya ushuru, si hadithi za mapenzi

Wadau, hizi picha mmeziona. Mto mpana, vilima vimejaa mizabibu pande zote mbili, halafu huko juu kabisa kuna ngome yenye minara na ukungu kidogo, na mtu amesimama mbele yake na koti refu. Maneno chini ya picha huwa ni yale yale: binti mfalme, ndoto, mapenzi. Mwaka jana nilizunguka huko kwa treni na kwa miguu, na kuna kitu hizo picha hazisemi.

Sehemu yenyewe ni Mittelrhein, yaani Rhine ya kati, Ujerumani. Ni bonde la kama kilomita 65 kutoka Bingen hadi Koblenz, lenye ngome na magofu kama 40. UNESCO waliliingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2002. Cuzo wangu ni muuguzi Koblenz, kwa hivyo nilikuwa na kochi la bure. Wale huniuliza msee ameacha chuo anapata wapi doo za kutembea Ulaya, jibu ndilo hilo: kochi, mkate na jibini.

Sasa jiulize, nani anajenga ngome 40 kwenye kilomita 65? Hata wangekuwa na maadui wangapi, hiyo ni mingi. Jibu ni pesa. Enzi hizo Rhine ndiyo ilikuwa barabara kuu. Mvinyo, chumvi, nafaka, mbao, samaki, vyote vilipita kwa mashua. Na bonde ni jembamba, limebanwa na milima, huwezi kuzunguka. Kwa hivyo kila bwana aliyekuwa na kipande cha ukingo alijenga ngome juu, akaweka kituo cha ushuru chini. Ukipita, lipa. Ukifika kwa bwana anayefuata, lipa tena.

Mnajua vile kamagera husimama stage akingoja matatu itoe kitu kidogo? Sasa mpe yule kamagera ukuta wa mawe, mnara na vijana wenye pinde. Hiyo ndiyo Rhine ya miaka ya 1300.

Inayoonyesha hili wazi kabisa ni Pfalzgrafenstein, pale Kaub. Haiko hata kwa kilima. Iko katikati ya mto, juu ya mwamba, imekaa kama meli iliyokwama. Mfalme Ludwig wa Bavaria alianza kuijenga mwaka 1326 hivi, na kazi yake ilikuwa moja: kukusanya ushuru. Iliendelea hadi miaka ya 1860! Zaidi ya miaka 500 ya kusimamisha mashua za watu. Niliingia kwa kiboti kidogo, nikapanda ngazi za mbao, nikachungulia kwa vile vidirisha. Kutoka pale unaona mto wote, juu na chini. Hakuna mashua ingekupita.

Na walipigana sana wao kwa wao. Pale St. Goar kulikuwa na ukoo wa Katzenelnbogen, matajiri wa kutisha. Ng'ambo ya mto walikuwa na ngome iliyofupishwa jina ikawa Katz, paka. Askofu mkuu wa Trier naye alikuwa na yake jirani, ndogo zaidi. Watu wakaiita Maus, panya. Jina hilo la kejeli limeshika mpaka leo, liko hadi kwa vibao vya barabarani.

Ngome kuu ya huo ukoo ni Rheinfels, na hapo ndipo nilikaa sana. Count Diether wa tano aliijenga mwaka 1245. Miaka kumi baadaye miji ya Rhine ikachoka na ushuru wake, ikaungana, ikaizingira zaidi ya mwaka mzima. Ikashindwa, ikarudi nyumbani. Mwaka 1692 jeshi la Louis XIV wa Ufaransa nalo likajaribu, likashindwa. Halafu mwaka 1794 wanajeshi wa mapinduzi ya Ufaransa wakaja, na walinzi wakaitoa bila kupiga hata risasi moja. Wafaransa wakailipua. Baada ya hapo watu wakawa wanakuja kuchukua mawe tu, kama kwa machimbo. Mengine yalienda kujenga Ehrenbreitstein, ile ngome kubwa inayotazamana na Koblenz.

Leo Rheinfels ni gofu haswa. Kuta zimekatika, nyasi zinaota ndani ya vyumba, kuna mahandaki chini ya ardhi ambayo bila tochi huoni mkono wako. Hakuna mtu amekupangia viti na mazulia. Mimi niliipenda kuliko zote.

Sababu ni hii. Zile za kwenye picha, zenye minara imesimama vizuri, nyingi si za zamani vile unavyodhani. Stolzenfels, ile ya rangi ya manjano karibu na Koblenz, Wafaransa waliichoma mwaka 1689, ikakaa gofu zaidi ya miaka 130. Rheinstein nayo ilikuwa imebomoka, na haikuwa hata inaitwa Rheinstein, ilikuwa Vautzberg. Sasa mwaka 1815, baada ya Napoleon kushindwa, sehemu ya hili eneo ikapewa Prussia. Prussia ni Berlin, mbali huko mashariki. Wakuu wao walikuwa wageni hapa kama mimi na wewe. Walichofanya ni kununua magofu. Prince Friedrich akachukua Vautzberg mwaka 1823, akaibadilisha jina, akaijenga upya. Mwaka huo huo mji wa Koblenz ukampa mrithi wa ufalme gofu la Stolzenfels, na mwaka 1842 akalifungua likiwa kasri, kwa maandamano ya mienge na watu wamevaa nguo za enzi za kale.

Hebu fikiria hiyo sherehe. Mfalme mgeni, amevaa kama babu wa wenyeji, anaingia kwa nyumba aliyoijenga jana, na kila mtu anashangilia eti mwenyewe amerudi. Sisi tuna maneno mawili, ngome na kasri, na Wajerumani pia wanayo, Burg na Schloss. Stolzenfels iliingia ikiwa ngome ya kukusanya ushuru ikatoka kasri la mahaba, na katikati ya hapo wale watu waliokuwa wakilipa wamepotea kwa hadithi.

Hata yule binti wa Lorelei, anayekaa kwa jabali la mita 132 akichana nywele na kuzamisha mabaharia, ambaye kila mwongozaji wa watalii anakwambia ni hadithi ya kale? Mshairi Clemens Brentano alimtunga mwaka 1801. Heinrich Heine akamfanya maarufu mwaka 1824. Mashua zilikuwa zinazama kweli, lakini ni kwa sababu mto hapo una kona kali, miamba na mkondo mkali.

Ukitaka kuona vile maisha yalikuwa, nenda Marksburg, Braubach. Ndiyo ngome ya kilimani pekee kwenye hili bonde ambayo haikuwahi kubomolewa. Utaingia na mwongozaji, utapanda ngazi zilizochongwa kwa mwamba, utaona jiko lenye giza, na choo kimetokeza nje ya ukuta, kila kitu kinaangukia chini hewani. Hakuna binti mfalme anaota ndoto hapo. Kuna baridi.

Halafu kuna kitu ambacho sikuona mtu hata mmoja akipiga picha. Chini ya ngome nyingi kuna matuta ya mizabibu, na kila tuta limeshikiliwa na ukuta wa mawe yaliyopangwa kwa mkono bila saruji. Mteremko ni mkali mpaka magoti yanatetemeka, na trekta haiwezi kupita sehemu nyingi. Ukijumlisha hizo kuta zote, hakuna ngome inayozifikia. Waliozijenga ni wakulima, karne baada ya karne, na mvinyo wao ndio ulikuwa kwa zile mashua zilizotozwa ushuru. Siku hizi wanaochuma zabibu wengi ni vibarua wa msimu kutoka Poland na Romania. Matuta mengi yameachwa, miiba imeyameza, kuta zinaporomoka kidogo kidogo kila mvua ikinyesha. Na hakuna mwana wa mfalme anayekuja kuzinunua.