Kengele Ilichelewa Kufika Tabora

Mpenzi wa chemsha bongo aliyezaliwa Tabora miaka ya 1970 hakuwa na pa kuonekana. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu 1973. Bara tulisubiri mpaka 1994. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliiona televisheni kuwa anasa ya wachache wa mjini, na kwa nchi ambayo watu wengi waliishi vijijini, hoja hiyo haikuwa ya kubezwa.

Mchezo wenyewe, hata hivyo, ulikuwepo. Jioni mtegaji husema "Kitendawili!" wenzake wakaitikia "Tega!" Wakishindwa kutegua, anadai: "Nipeni mji." Wanamtajia kijiji, anakataa. Wanapandisha dau, anakataa tena. Wakifika Tabora au Mombasa anaridhika, anasimulia alivyokwenda huko akapokelewa, akala, akanywa, ndipo anatoa jibu. Walioshindwa wamelipa mji, lakini na jibu wamelipata. Kwenye televisheni anayekosa hurudi tu kitini kwake.

Shule ya Tabora, iliyoanza miaka ya 1920 ikilenga watoto wa machifu, ilikuza ushindani wa aina nyingine. Nyerere aliingia hapo 1937 na akawa mtu wa midahalo. Mdahalo unampa mtu nafasi ya kujenga hoja, kengele ya kubonyeza ya chemsha bongo haimpi.

Kengele hiyo vijana wetu wa vyuo vikuu waliigombea katika Celtel Africa Challenge, shindano lililoanza 2007 likiongozwa na John Sibi-Okumu wa Kenya, na baadaye kuitwa Zain Africa Challenge.

Kwa mshindani wa aina hiyo, Tabora ni mtego mtupu. Mwulizaji mjanja ataanza, "Kwenye njia ya misafara kutoka Bagamoyo, Stanley alimkuta Livingstone...", na mwenye pupa atabonyeza akijibu Tabora. Amekosa. Ni Ujiji, 1871. Tembe la Kwihara, nje kidogo ya Tabora, ndiko walikoishi pamoja mapema 1872. Stanley akaondoka Machi, Livingstone akabaki hadi Agosti akisubiri wapagazi. Kazeh waliyoifikia Burton na Speke 1857? Hiyo ndiyo Tabora. Makao ya Mtemi Mirambo? Tulia: Urambo. Na mkutano wa TANU uliokubali kuingia uchaguzi wa kura tatu? Hapo bonyeza bila wasiwasi: Tabora, Januari 1958.