Eneobunge la Lang'ata: Mipaka, Chaguzi na Historia ya Kura

Eneobunge ni sehemu ya nchi iliyowekewa mipaka ya kisheria ili wapigakura wake wamchague mbunge mmoja. Kenya ina maeneobunge 290. Wadi ni sehemu ndogo ndani ya eneobunge, na mwakilishi wake huketi katika bunge la kaunti. Kaunti ni pana zaidi, nayo humchagua gavana, seneta na mwakilishi wa wanawake. Kituo cha kupigia kura hakina mwakilishi. Ni mahali pa kupigia na kuhesabia kura tu, aghalabu darasa la shule ya msingi. Istilahi hizi huchanganywa mara kwa mara, ilhali historia ya Lang'ata haieleweki pasipo kuzitenganisha.

Lang'ata iko kusini-magharibi mwa Nairobi. Wakati wa uchaguzi wa 2007 ilikuwa mojawapo ya maeneobunge 8 ya Mkoa wa Nairobi. Mpaka wake mmoja ulizunguka nyumba za Karen zenye viwanja vya ekari kadhaa, mitaa ya watu wa kipato cha kati, na vichochoro vya Kibera ambako bati la nyumba moja hugusa bati la jirani. Aliyegombea kiti hiki alilazimika kuomba kura kwa mwenye farasi na kwa mnunuzi wa maji ya mtungi.

Chaguzi za ubunge ni za namna mbili. Uchaguzi mkuu hufanyika kila baada ya miaka 5, na chini ya katiba ya 2010 siku yake ni Jumanne ya pili ya Agosti. Uchaguzi mdogo hufanyika kiti kinapobaki wazi kwa kifo, kujiuzulu, kuhama chama au uamuzi wa mahakama. Sharti la kuhama chama lilitumika hapa 1997: mbunge wa Lang'ata, Raila Odinga, alikiacha chama cha Ford-Kenya, akapoteza kiti, akakitwaa tena mwaka huohuo kwa tiketi ya NDP.

Katika enzi ya chama kimoja wagombea wote walikuwa wa KANU, hivyo ushindani ulikuwa wa watu na ahadi zao. Mwangi Mathai alishinda 1974 baada ya kuahidi ajira. Mkewe, Wangari Maathai, aliichukulia ahadi hiyo kwa uzito, akaanzisha kampuni ndogo iliyoitwa Envirocare na kitalu cha miche katika msitu wa Karura ili wapigakura wapate kazi. Kampuni haikudumu, lakini wazo la kuwapa watu wa kawaida kazi ya kupanda miti lilikomaa na kuwa Green Belt Movement mwaka 1977. Ni nadra ahadi ya kampeni kuzaa kitu kikubwa kuliko kiti chenyewe. Mwaka 1979 alichaguliwa Philip Leakey, Mkenya mweupe wa kwanza kuingia bungeni kwa kura tangu uhuru.

Vyama vingi viliporejea 1992, Raila alikichukua kiti kwa tiketi ya Ford-Kenya, akakishikilia hadi 2013, isipokuwa pengo la 1997. Mwaka 2002 alichaguliwa chini ya NARC na 2007 chini ya ODM: vyama vinne, mbunge yuleyule. Uchaguzi wa 2007 ndio uliokuwa mzito kuliko zote. Katiba ya wakati huo ilimtaka rais awe pia mbunge wa kuchaguliwa, kwa hiyo kushindwa Lang'ata kungemfungia Raila, aliyekuwa akiwania urais, mlango wa Ikulu hata kama angeongoza nchi nzima. Chama cha PNU kilimsimamisha Stanley Livondo dhidi yake, na mbio za eneobunge moja zikafuatiliwa na taifa zima. Katiba ya 2010 iligeuza kanuni hiyo: mgombea urais hawezi kuwania ubunge katika uchaguzi huohuo.

Mipaka mipya ya 2012 iliigawa Nairobi katika maeneobunge 17. Lang'ata ilibaki na wadi za Karen, Nairobi West, Mugumo-ini, South C na Nyayo Highrise. Kibera iliondolewa na kuwa katika eneobunge jipya la Kibra, lenye wadi za Laini Saba, Lindi, Makina, Sarang'ombe na Woodley/Kenyatta Golf Course. Jina Kibra ni la Wanubi, wazao wa askari waliokaa hapo tangu mwanzo wa karne ya 20. Kwa lugha yao ni msitu.

Matokeo ya mgawanyo huo yalionekana mapema. Kibra imebaki ngome ya ODM: Ken Okoth 2013 na 2017, mdogo wake Imran Okoth katika uchaguzi mdogo wa Novemba 2019 uliofuata kifo cha Ken, na Peter Orero 2022. Hata McDonald Mariga, mwanasoka aliyewahi kuichezea Inter Milan, hakuitikisa ngome hiyo 2019 akiwa na tiketi ya Jubilee. Lang'ata nayo imekuwa kiti cha kugombaniwa: Joash Olum wa ODM 2013, Nixon Korir wa Jubilee 2017, Phelix Odiwuor wa ODM 2022.

Siku ya uchaguzi, karatasi ya kura ya ubunge huwa ya kijani. Kura za kila kituo huandikwa katika Fomu 35A, mawakala hutia saini, na nakala hubandikwa mlangoni; jumla ya eneobunge huingizwa katika Fomu 35B, na msimamizi wa uchaguzi humtangaza mshindi papo hapo.

Katiba inataka mipaka ipitiwe upya kati ya mwaka wa 8 na wa 12 baada ya mapitio yaliyotangulia. Mapitio ya mwisho yalichapishwa Machi 2012. Machi 2024 ilipita bila mipaka mipya.