Mjamzito, Kochi na Ndoo: Nani Aliambiwa Apumzike?



Leo nianze na mtu ambaye wengi hawakutegemea kumkuta kwenye mada ya wajawazito. Aristotle. Ndiyo, yule yule mwanafalsafa wa Ugiriki tuliyekaririshwa chuoni. Kwenye kitabu chake cha Siasa, kilichoandikwa zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliacha kidogo habari za katiba na utawala akaingia kwenye mimba. Alisema wajawazito wautunze mwili wao, wasikae kivivu na wasile chakula hafifu. Kisha akatoa njia ya kulitekeleza hilo: mtunga sheria awaagize watembee kila siku hadi kwenye hekalu la miungu inayosimamia uzazi. Akili zao zitulie, lakini miili isilale.

Mimi ni mwanaume, bado sijaoa, na mimba sitabeba. Lakini kazi ya gazeti imenifundisha kuuliza swali moja kila ninaposoma agizo la serikali au la daktari: huyu anamwambia nani? Aristotle alikuwa anawaambia wake za raia, wanawake waliokuwa na watu wa kuwachotea maji na kuwasagia nafaka. Miji hiyo hiyo ilijaa watumwa wanawake, nao pia walishika mimba. Hao hakuna aliyehitaji kuwatungia sheria ya kutembea. Walikuwa wanatembea tangu alfajiri, na mtungi kichwani.

Hoja yangu ni hii. Historia ya mazoezi wakati wa ujauzito mara nyingi husimuliwa kama hadithi ya madaktari waliokuwa gizani, kisha wakapata mwanga. Ipo sehemu ya ukweli hapo. Lakini muda wote huo yamekuwepo makundi mawili ya wanawake. Kundi moja liliambiwa lisijisogeze hata kidogo. Kundi la pili halikuambiwa lolote, kwa sababu kama lingepumzika, kazi nani angeifanya?

Twende Ulaya ya karne ya 19. Mke wa tajiri wa London tumbo likianza kuonekana alijificha ndani. Waingereza walikuwa na neno kwa muda huo wa kujifungua, na maana yake ya asili ni kufungiwa. Mimba ilichukuliwa kama udhaifu unaokaribia ugonjwa: mama akae kwenye kochi na atembee polepole. Mitaa michache kutoka hapo, wanawake wa viwandani walisimama kwenye mashine hadi uchungu unawakuta kazini. Mji mmoja, mwaka mmoja, na tumbo ni lile lile. Kilichotofautiana ni mfuko.

Aliyeliona hilo akalipima kwa mizani ni daktari Mfaransa, Adolphe Pinard, mkunga mkuu wa Paris wa zama zake. Mwaka 1895 alilinganisha watoto wa wanawake maskini waliofanya kazi hadi siku ya kujifungua na watoto wa wanawake, maskini vile vile, waliopata nafasi ya kupumzika kwenye makazi ya hifadhi kabla ya kujifungua. Watoto wa waliopumzika walizidi kwa kiasi cha gramu 300. Wanaojua uzito wa mtoto mchanga wanaelewa hiyo si tofauti ndogo.

Hapo sayansi ikageuka siasa, na safari hii kwa heri. Mwaka 1909 Ufaransa ilipitisha sheria iliyomruhusu mama kukaa nje ya kazi wiki nane bila kupoteza ajira yake, na mwaka 1913 ikaja nyingine iliyoambatanisha mapumziko hayo na posho. Mwaka 1919 Shirika la Kazi Duniani, likiwa ndiyo kwanza limezaliwa, lilipitisha kwenye mkutano wake wa Washington mkataba wa uzazi wenye wiki 12. Likizo za uzazi tulizonazo huku kwetu zina ukoo na habari hiyo. Sheria ya Tanzania ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa siku 84, na 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Ya Kenya ya mwaka 2007 inatoa miezi mitatu.

Lakini soma mkataba ule wa 1919 vizuri. Uliwahusu wanawake wa viwandani na kwenye biashara. Wa mashambani hawakuwemo. Walisubiri hadi mkataba mwingine wa mwaka 1952. Sasa jiulize, mwaka 1919 bibi zetu walikuwa wapi? Si walikuwa shambani!

Wakati huo huo, Ulaya ilikuwa inabadili mawazo kuhusu wale wa kwenye kochi. Miaka ya 1930 hospitali ya St Thomas' ya London ilikuwa inawafundisha wajawazito mazoezi ya viungo na ya kupumua. Mwaka 1933 daktari Mwingereza Grantly Dick-Read alichapisha kitabu kilichotetea uzazi wa asili. Kwa maelezo yake, hofu hukaza misuli, na misuli iliyokaza huzidisha maumivu. Mama akielimishwa, akazoeshwa kulegeza mwili na kupumua vizuri, uchungu utapungua. Wengi wanamshukuru hadi leo, na wana haki.

Ila kuna mahali Dick-Read alituponza. Ili ahubiri vizuri alihitaji mfano wa mwanamke anayezaa bila taabu, na mfano aliouchora ni wa yule aliyemwita mwanamke wa asili, asiyeguswa na ustaarabu: anajitenga na wenzake kazini, anajifungua peke yake, kisha anarudi na mtoto kuendelea na shughuli. Hadithi hiyo haikuwa yake peke yake. Wasafiri na watawala wa kikoloni waliipenda sana. Na ukiitafakari utaona ilivyowafaa. Kama mwanamke wa Kiafrika anazaa kama anayepiga chafya, basi hahitaji wodi wala dawa ya maumivu, na mapumziko ndiyo kabisa. Kumbe anaweza kulima pamba hadi jioni.

Ukweli ni mchungu kuliko hadithi. Kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, mwaka 2023 wanawake wapatao 260,000 walifariki duniani kwa sababu zinazohusiana na ujauzito na uzazi, na takribani asilimia 70 ya vifo hivyo vilitokea Afrika kusini mwa Sahara. Hakuna uwezo wa kuzaliwa nao hapo. Kuna kutokwa damu, kifafa cha mimba, maambukizi, na zahanati iliyo mbali. Mtu akikwambia dada zetu "wamezoea", muulize wamezoea nini hasa.

Turudi kwenye mazoezi yenyewe. Miaka ya 1970 na 1980 wanawake wa Marekani walijaa barabarani kukimbia na kwenye kumbi za aerobiki, na wakishika mimba hawakutaka kuacha. Madaktari walikosa la kuwajibu, maana utafiti ulikuwa kidogo. Mwaka 1985 chama cha madaktari wa uzazi cha nchi hiyo kikatoa mwongozo: mapigo ya moyo ya mjamzito yasizidi 140 kwa dakika, na zoezi la nguvu lisizidi dakika 15. Ilikuwa tahadhari zaidi kuliko ushahidi. Walihofia joto la mwili kupanda, na damu kwenda kwenye misuli huku mtoto akipungukiwa.

Daktari mmoja Mmarekani, James Clapp, aliamua kuwafuatilia wanawake wenyewe. Alilinganisha wakimbiaji na wachezaji wa aerobiki walioendelea na mazoezi na wale walioacha. Alichokuta si maafa. Watoto wa walioendelea walikuwa na mafuta machache mwilini lakini wazima, na mama zao walikuwa na uchungu mfupi zaidi. Mwaka 1994 chama kile kiliondoa ukomo wa mapigo 140. Mwaka 2002 kilikwenda mbele zaidi na kumshauri mjamzito asiye na matatizo afanye mazoezi ya wastani dakika 30 au zaidi karibu kila siku. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani nalo likaweka wajawazito kwenye mwongozo wake: walau dakika 150 kwa wiki.

Picha za wanariadha zikazidi kubadili mawazo ya watu. Paula Radcliffe wa Uingereza alijifungua Januari 2007, na Novemba mwaka huo huo akashinda marathoni ya New York. Mwaka 2014 Alysia Montaño alikimbia mita 800 kwenye mashindano ya taifa ya Marekani akiwa na mimba ya wiki 34. Alishika mkia, na uwanja ukamshangilia. Huku kwetu, Faith Kipyegon wa Kenya alijifungua mwaka 2018, na kwenye Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika 2021 akatwaa dhahabu ya mita 1,500. Picha nzuri hizi, lakini tusizifanye kipimo. Hao ni watu waliofanya riadha kuwa kazi, na wengi wao wana madaktari na makocha pembeni.

Hapa nirudi mjini kwetu. Kwenye chumba chetu cha habari kuna dada mwenzetu aliyekuwa mjamzito. Akipanda ngazi badala ya lifti, jengo zima linapiga kelele: "Mama kijacho, pumzika bwana, utatuletea matatizo!" Daktari wake alikuwa amemruhusu kutembea, lakini tuliomzunguka wote tukawa madaktari. Mlangoni chini, mama mwingine mwenye tumbo lile lile alikuwa anauza ndizi, beseni kichwani, jua la saa nane, miguu imevimba. Tulinunua ndizi zake. Hatukumwambia apumzike.

Watu husema, "Mimba si ugonjwa." Ni kweli, lakini angalia nani anaambiwa na kwa lengo gani. Akiambiwa aliyefungwa kwenye kochi, neno hilo linamfungulia mlango. Akiambiwa mwenye ndoo ya lita 20, linamwongezea ndoo ya pili.

Je, kubeba ndoo si mazoezi? Jibu lipo Gambia. Watafiti waliofanya kazi vijijini huko kwa miaka mingi waliona kuwa watoto wanaozaliwa msimu wa mvua, wakati kazi za shamba ziko juu na ghala limekauka, wanakuwa wadogo. Wakawapa wajawazito wa vijiji 28 biskuti zenye karanga kila siku, ama kabla ya kujifungua au, kwa kundi la kulinganisha, baada yake. Matokeo yalichapishwa mwaka 1997: waliokula wakati wa ujauzito walizaa watoto wazito zaidi kwa wastani wa gramu 136, na kwenye msimu wa njaa tofauti ilifika gramu 201. Kwa hiyo mwili unaofanya kazi unadai chakula, na usipokipata, deni linalipwa na mtoto.

Mazoezi ni mwendo ambao mama anauchagua, ameshakula, ana maji ya kunywa, na anaweza kuuacha dakika yoyote akijisikia vibaya. Kazi ngumu haina kitufe cha kuzima. Misuli haijui tofauti hiyo, lakini mimba inaijua.

Sasa yale ya kumpelekea dada, mke au wifi. Mjamzito mwenye afya ananufaika kwa kutembea, kuogelea, baiskeli ya kusimama ndani na mazoezi mepesi ya viungo. Yanapunguza uwezekano wa kisukari cha mimba na shinikizo la damu la ujauzito, na kwa mwenye afya hayaongezi hatari ya mimba kuharibika. Kipimo rahisi ni mazungumzo: kama unaweza kuongea huku unatembea, uko sawa, ukihema hadi neno halitoki, punguza. Ambaye hakuwa na mazoea aanze na dakika chache na kuongeza taratibu. Aepuke jua kali, michezo ya kugongana au kuanguka, kuzamia baharini, na kulala chali muda mrefu baada ya miezi mitatu ya kwanza.

Aulize kwanza kliniki, hasa mwenye ugonjwa wa moyo au mapafu, shinikizo la damu, damu kutoka, kondo lililokaa chini, mlango wa kizazi uliolegea, mapacha, au upungufu mkubwa wa damu. Na aache mara moja, aende hospitali, akiona damu, maji yakivuja, kizunguzungu, maumivu ya kifua, kichwa kuuma sana, tumbo kukaza kwa mfululizo, mguu kuvimba na kuuma upande mmoja, au mtoto kupunguza kucheza. Kulazwa kitandani wiki nzima "kwa usalama" bila sababu ya kitabibu nako si usalama. Misuli inanyong'onyea na damu inaweza kuganda.

Hayo ni ya mama. Ya kwetu wengine ni mepesi kuyasema. Dada wa ofisini akitaka kupanda ngazi, mpisheni apande. Mama wa ndizi anahitaji kiti, kivuli, na mtu wa kumtua beseni, maana zile siku 84 za sheria hazimhusu: hana mwajiri wa kumwandikia barua. Mfuko wa kumlipa mama kama yule apumzike wiki chache kabla na baada ya kujifungua ungegharimu kiasi gani? Hilo ndilo swali ambalo mimi na wenzangu wa magazetini tungepaswa kumuuliza kila waziri anayesimama Siku ya Wanawake kuwasifu akina mama kwa uchapakazi wao.

Nawasilisha.