Ewart Grogan na Suala la Kazi ya Kushurutishwa
Historia ya makoloni inamfahamu sana mtu aliyekuwa askari, mwenye shamba na mwanasiasa kwa pamoja. Marekani ilikuwa na George Washington, jemadari aliyemiliki watumwa katika shamba lake la Mount Vernon, kisha akawa rais mwaka wa 1789. Kenya ilikuwa na Ewart Scott Grogan.

Grogan alizaliwa London mwaka wa 1874. Mwaka wa 1896 alipigana katika vita dhidi ya Wandebele, na baadaye akasafiri kutoka kusini mwa Afrika hadi Cairo, sehemu kubwa kwa miguu. Katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1900 alitetea rai kwamba Mwafrika ashurutishwe kufanya kazi. Rai hiyo ndiyo inayoyaeleza maisha yake yote. Alipolowea Kenya alipata kibali cha kukata miti misituni, kisha akawa na mashamba makubwa ya mkonge huko Taveta. Lakini ardhi haizai bila ya mikono, na wenye mikono hiyo walikuwa na makonde yao wenyewe ya kulima.

Mwezi wa Machi 1907, akiwa kiongozi wa chama cha walowezi, Grogan aliwachapa hadharani Wakikuyu waliovuta vigari vya abiria, mbele ya mahakama ya Nairobi. Alihukumiwa kifungo cha mwezi mmoja. Hata hivyo, wenzake hawakumtupa. Kwa miaka mingi aliketi katika Baraza la Kutunga Sheria.

Kile ambacho kiboko kilifanya Nairobi, sheria ilikifanya Nyanza. Reli ilikuwa imefika Kisumu mwaka wa 1901, na kodi pamoja na kipande vikawasukuma vijana kwenda kuwa vibarua katika mashamba ya walowezi. Wenyeji hawakunyamaza. Desemba 1921 walikutana Lundha, Gem. Na Julai 1922 Gavana Northey, naye pia jenerali, aliwasikiliza Nyahera, si mbali na Mamboleo. Kodi ikapunguzwa na kambi za kazi zikafungwa, ila kipande kikabaki.

Grogan alifariki mwaka wa 1967, Kenya ikiwa huru. Kwake yeye upanga, shamba na baraza havikuwa kazi tatu mbalimbali, bali njia tatu za kuuliza swali moja: nani atalima? Watu wa Nyahera walikuwa wamekwisha kulijibu kwa swali lao: kwa ridhaa ya nani?