Umbo Lenyewe Ni Kazi: Hoja Kutoka kwa Seli Nyekundu ya Damu

Vitabu vingi vya baiolojia huieleza seli katika sura mbili. Ya kwanza huonyesha muundo: utando, saitoplazimu, kiini, mitokondria, kila sehemu na mstari wake na jina lake. Ya pili hueleza kazi. Mwanafunzi hutoka darasani akiamini kwamba muundo ni jengo lililokwisha kujengwa, na kazi ni shughuli zinazoanza baadaye ndani yake. Ninaupinga mgawanyo huo. Katika seli hai umbo lenyewe ni kazi: hutunzwa kila dakika, hugharimiwa kwa nishati, na ubora wake haupimiki bila kutaja mazingira ambamo seli inaishi. Shahidi wangu ni seli nyekundu ya damu, ambayo walimu wengi huipitia haraka kwa kuwa haina mengi ya kuchora.

Kweli, haina. Seli nyekundu ya binadamu haina kiini wala mitokondria. Hivyo vyote huondolewa inapokomaa. Kwa sababu hiyo wapo wanaoiona kama mfuko tu wa hemoglobini. Lakini mfuko huo huzunguka mwilini kwa takriban siku 120. Kipenyo chake ni mikrometa 7 hadi 8, nao hupita katika kapilari zenye upana wa mikrometa 3 hivi, na katika wengu hujipenyeza kwenye nyufa nyembamba zaidi ya hapo.

Huwezaje? Jibu limo katika hesabu. Ujazo wa seli hii ni takriban mikrometa za ujazo 90, na eneo la utando wake ni takriban mikrometa za mraba 140. Tufe lenye ujazo huohuo lingehitaji eneo la mikrometa za mraba 97 tu. Ziada hiyo ya utando, zaidi ya asilimia 40, ndiyo inayoiwezesha seli kukunjika na kurefuka bila kupasuka. Chini ya utando kuna protini za spektrini zilizofungamana kama wavu wa mvuvi, zinazonyumbuka seli inapobanwa na kuirudisha katika umbo lake inapoachiwa.

Wapo watu wanaozaliwa na hitilafu katika spektrini, au katika ankirini inayoufunga wavu huo kwenye utando. Seli zao hupoteza utando kidogo kidogo, ziada huisha, nazo hugeuka tufe. Hemoglobini yao ni nzima na hubeba oksijeni vizuri. Hata hivyo wengu huzinasa na kuziharibu, na mgonjwa hupungukiwa damu. Hapo hakuna kiungo cha seli kinachokosekana ambacho mchoro wa darasani ungekionyesha. Kilichopotea ni uwiano kati ya eneo na ujazo, na uwiano huo ulipotoweka, uwezo wa kupita ulitoweka pamoja nao.

Uwiano huo pia haujitunzi wenyewe. Katika utando kuna pampu zinazotoa ioni 3 za sodiamu na kuingiza ioni 2 za potasiamu kwa kila molekuli moja ya ATP, kibeba nishati cha seli, inayotumika. ATP hiyo hutokana na kuvunjwa kwa glukosi bila oksijeni, kwa hiyo seli inayowabebea wengine oksijeni haiitumii kujipatia nishati. Pampu zikizembea, chumvi na maji hubadilika ndani ya seli, na umbo hubadilika nalo. Benki za damu zinalijua jambo hili vizuri. Damu iliyohifadhiwa kwenye ubaridi kwa wiki kadhaa huvujisha potasiamu, ATP yake hupungua, na seli huanza kuota vijiba vyenye ncha na mwishowe kuviringana. Sehemu zote za seli bado zimo. Kilichopungua ni nishati ya kuzishikilia katika hali ambayo zisingekaa zenyewe, na mimi naona kushikilia huko ndiko kuwa hai.

Mazoea ya kutenganisha muundo na kazi yana historia ndefu. Robert Hooke, aliyezipa seli jina mwaka 1665, alikuwa akitazama kipande cha gome kavu la mti. Alichokiona ni kuta zilizoachwa na seli zilizokufa. Baadaye wanasayansi walijifunza kukausha tishu na kuzitia rangi ili zionekane vizuri chini ya hadubini. Njia hiyo imetufunulia mengi, lakini imetuzoesha pia kuisoma seli ikiwa imesimama.

Mtu anaweza kunipinga kwa kutaja ugonjwa wa selimundu. James Herrick wa Chicago alieleza seli zenye umbo la mundu mwaka 1910. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba hemoglobini ya wagonjwa hao ni tofauti, na Vernon Ingram, katika miaka ya 1950, akaonyesha kuwa tofauti ni asidi amino moja: valini imekaa palipokuwa na asidi ya glutamiki. Je, huu si ushindi wa muundo mtupu?

Nadhani sivyo. Hemoglobini hiyo hujiunga kuwa nyuzi ngumu pale tu inapoachia oksijeni, na kuungana huko huchukua muda kuanza. Seli ikimaliza kupita kwenye kapilari na kurudi mapafuni kabla nyuzi hazijakua, hakuna madhara. Dawa ya haidroksiyurea husaidia hasa kwa kuongeza hemoglobini ya kichanga, ambayo huchelewesha nyuzi hizo. Valini hubaki palepale. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliowahusu watoto wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda, dawa hiyo ilipunguza maumivu na vifo. Ugonjwa, basi, umo katika mbio kati ya muda wa protini kuungana na muda wa damu kupita. Muundo peke yake hauwezi kuueleza.

Na mazingira nayo yana neno lake. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, aligundua kwamba jeni ya selimundu ilikuwa nyingi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, lakini ilikuwa adimu nyanda za juu, palipokuwa na malaria kidogo. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba mtu aliyerithi jeni hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu ana kinga dhidi ya malaria. Ushahidi mwingine uliotoka Kilifi, pwani ya Kenya, mwaka 2020 unanivutia zaidi. Watu wenye kundi la damu liitwalo Dantu, ambalo si adimu huko, wana kinga kubwa dhidi ya malaria kali. Watafiti walipopima utando wa seli zao waliukuta umekazika kuliko kawaida. Mkazo ukipita kiwango fulani, kimelea hushindwa kuingia, hata katika seli za watu wasio na Dantu. Seli hizo hazikupata kiungo kipya cha kujilinda. Ulinzi umo katika mkazo wa utando.

Najua mwanafunzi lazima aanze kwa majina, na sipendekezi michoro ifutwe. Napendekeza somo la kwanza kuhusu seli lianze na damu ya ng'ombe kutoka machinjioni, ikiwa imezuiwa kuganda, ichukuliwe kwa glavu na kuwekwa kwenye vioo vitatu chini ya hadubini: kimoja chenye maji ya chumvi ya asilimia 0.9, kingine maji matupu, cha tatu chumvi kali. Katika cha kwanza seli hubaki na umbo lake, katika cha pili huvimba na kupasuka, katika cha tatu husinyaa. Mwalimu aulize kwa nini, na aandike majina ubaoni kadiri wanafunzi wanavyoyahitaji ili kumjibu.