Moto Uliochelewa: Ufundi wa Taimingi Kianda na Kawangware

Gari la zamani lililotegewa moto Mombasa huwa zito likifika Nairobi, na lile lililotegewa Nairobi likishuka pwani huanza kugonga karibu na Mariakani. Jambo hili nililisikia Kianda kwa mzee ambaye hakuwa na kitabu hata kimoja cha magari, na ilipita miaka kabla sijalielewa kwa hesabu. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 15. Mchanganyiko wa hewa na petroli unaoingia kwenye silinda huwa hafifu, nao huwaka polepole. Kwa hiyo cheche ya plagi lazima itangulie zaidi, ili moto uifikie pistoni ikiwa bado mahali pa kusukumwa. Kabureta nayo, ambayo jeti zake zilipimwa kwa hewa ya usawa wa bahari, hapa hutoa petroli kupita kiasi. Namba iliyochapishwa kwenye kitabu cha kiwanda ilikuwa mahali pa kuanzia tu. Kazi iliyobaki aliimaliza fundi wa Nairobi mwenyewe, na mimi naihesabu kuwa elimu kamili, yenye kanuni na majaribio yake, ingawa waliokuwa nayo waliitwa watu wa kubahatisha.

Kianda iko upande wa magharibi wa Kibera, jirani na Olympic, ambako matatu za namba 8 humalizia safari. Kibera ilianza kama makao ya askari Wanubi wa King's African Rifles mwanzoni mwa karne ya 20. Hakuna aliyeipanga kuwa mtaa wa gereji. Ufundi ulikuja na wapangaji, watu walioshinda mchana kutwa katika gereji za mjini na za Industrial Area, na jioni wakatengeneza gari la jirani kwa mwanga wa taa ya chemli.

Mzee aliyenifundisha alianza kama spana boi katika gereji ya Mhindi huko Grogan. Barabara hiyo siku hizi ni Kirinyaga Road, lakini wauza spea bado wanaiita kwa jina la Ewart Grogan, yule mlowezi aliyetembea kutoka Cape hadi Cairo mwishoni mwa karne ya 19. Kazi ya kwanza ya mzee ilikuwa kuosha vyuma. Distributa hakuruhusiwa kuigusa. Aliiba kwa macho, kama alivyosema mwenyewe, akimtazama Kalasinga aliyeitega kwa balbu ndogo na waya mbili. Kenneth King aliifuatilia njia hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1977 kuhusu mafundi Waafrika wa Kenya: ujuzi ulihama kutoka karakana za Wahindi kwenda kwa kibarua, na kibarua akamfundisha mdogo wake. Wahindi wengi nao walikuwa wameingia nchini na ujenzi wa reli, iliyofika Nairobi mwaka 1899. Ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani uliokuja Kenya mwaka 1972 uliwatetea mafundi wadogo kama hawa wa Kiafrika mbele ya serikali, ukasema wanazalisha na wanastahili kusaidiwa badala ya kufukuzwa. Rais Moi alipowatembelea mafundi wa Kamukunji mwaka 1985 aliamuru wajengewe mabanda. Sisi Kianda tuliendelea chini ya mabati yetu wenyewe.

Kilichotupa kazi hasa ni matatu. Mwaka 1973 Mzee Kenyatta aliziruhusu kubeba abiria bila leseni maalumu, na magari yaliyokwisha kutumika miaka mingi yakapata maisha ya pili. Peugeot 404 ilikuwa juu ya yote. Ilikuwa imeshinda Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, na kila dereva aliamini kwamba gari lililovuka tope lile lingeweza kubeba chochote. Injini yake ililazwa upande kwa nyuzi 45, na feni yake ilikuwa na kifaa cha umeme cha kuishika na kuiachia kulingana na joto. Kifaa hicho kilipoharibika, mafundi waliifunga feni kwa bolti izunguke moja kwa moja. Ilikula nguvu kidogo, lakini ilimfikisha mtu nyumbani.

Sasa niseme tatizo lenyewe. Dereva anakuja analalamika kwamba gari halina nguvu mlimani, linakunywa petroli, maji yanachemka, na usiku akifungua boneti anaona manifoldi ya moshi imeiva nyekundu. Wengi hukimbilia rejeta. Wengine hukata silensa. Mzee aliuliza kwanza pointi ziliwekwa lini.

Sababu yake ni hii. Ndani ya distributa kuna kisigino kidogo cha faiba kinachosugua kamu ili kuzifungua pointi. Kisigino kikiisha, nafasi kati ya pointi hupungua, nazo hufunguka kwa kuchelewa. Cheche huchelewa, na moto ambao ungeisukuma pistoni unakuwa bado unawaka wakati valvu ya moshi inafunguka. Joto ambalo lingekuwa mwendo linatupwa kwenye manifoldi. Ubaya wake ni kwamba huja kidogo kidogo. Hakuna siku ambayo dereva anaweza kusema gari liliharibika, naye huzoea kubadilisha gia mapema, mwaka mzima, hadi valvu inaungua.

Mzee alikuwa na utaratibu, na sikumwona akiuruka. Alisafisha pointi kwanza na kupima nafasi yake, kwa kuwa kuzungusha distributa kabla ya hapo ni kuficha kosa kwa kosa. Kwenye 404 alichomeka chuma chembamba katika tundu la nyumba ya klachi, mwenzake akazungusha injini taratibu kwa mkono hadi chuma kikaingia kwenye shimo la flaiwili. Hapo ndipo kiwanda kilitaka cheche. Aliunganisha balbu kati ya koili na eathi, akailegeza distributa, akaizungusha kwa kidole hadi balbu ikawaka, maana kuwaka kwake kulionyesha kwamba pointi zimefunguka sasa hivi. Akakaza. Halafu akaanza kazi ya Nairobi: gari lilipelekwa kwenye kilima kwa gia ya juu, likakanyagwa mafuta, akasikiliza. Lisipogonga kabisa aliwahisha moto kidogo zaidi. Alitafuta mahali ambapo linagonga mara mbili tatu kisha linanyamaza likishika mwendo, na hapo akaacha. Dereva aliyesema anashuka Mombasa alirudishiwa moto nyuma kidogo kabla ya kuondoka.

Yako magari yaliyotulia vizuri yakiwa yamesimama, lakini manifoldi ikaiva barabarani. Hapo kosa liko ndani zaidi. Distributa ina vyuma viwili vidogo vinavyopanuka kwa kasi ya mzunguko ili kuwahisha moto. Vikishikwa na kutu havipanuki, na kadiri injini inavyokimbia ndivyo cheche inavyozidi kuachwa nyuma. Kuna pia kibofu cha vakyumu, ambacho tulikijaribu kwa mdomo: unanyonya mpira wake, unaziba kwa ulimi, na sahani ya pointi lazima isogee na ibaki hapo. Ikirudi, ngozi ya ndani imepasuka. Kipimo hicho hakina gharama yoyote, nami nasikitika kuona vijana wakinunua distributa nzima bila kukifanya.

Mwishoni tuliifungua plagi na kusoma rangi. Nyeusi yenye masizi ilisema petroli imezidi, nyeupe iliyochomeka ilisema hewa imezidi au moto uko mahali pabaya. Lakini rangi tulizozijua zilikuwa rangi za petroli yenye risasi. Serikali za Afrika zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuiondoa, na ilipoingia 2006 nchi za kusini mwa Sahara zilikuwa zimeiacha, kazi iliyosukumwa na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao yake hapa Gigiri. Plagi zikabadilika sura na ilibidi macho yajifunze upya. Nashukuru kwamba ilibadilika. Vijana wa gereji tulinyonya petroli hiyo kwa mpira, tukanawia mikono, tukala mandazi. Risasi ni sumu ya ubongo, na watoto waliokulia pembeni mwa vibanda vyetu waliivuta kila siku. Hilo lilistahili kusemwa kwetu mapema zaidi.

Risasi pia iliua kataliti, lile sega la ndani ya bomba la moshi linalosafisha gesi. Magari ya Japani yaliyotumika yalipofurika, mengi yalipoteza kataliti zake Nairobi, mwanzoni kwa kuzibika, baadaye kwa kukatwa na kuuzwa, kwa sababu zina platinamu na paladiamu. Taimingi ikahamia kwenye kompyuta. Hakuna distributa ya kuzungusha, na kisikizi kilichofungwa kwenye bloku ndicho kinachosikia injini ikigonga na kurudisha moto nyuma chenyewe, iwe Mariakani au Limuru.

Lakini bomba jekundu halijaisha. Pale Kawangware, njia ya matatu za 46, ambako nilihamia baadaye, iliingia Probox ambayo kataliti yake iliiva hadi zulia la ndani likanuka. Mwenyewe alikuwa ameshaambiwa kwingine aikate. Kijana wa kibanda chetu alichomeka mashine yake, ikasema silinda ya tatu haiwaki.

"Petroli yake inaenda wapi, mzee?" aliniuliza, na kabla sijajibu akasema mwenyewe kwamba inaenda kuwakia kwenye kataliti.

Alichomoa koili ya silinda ya tatu, akaiweka kwenye ya pili, na ya pili akaileta kwenye ya tatu. Alifuta kosa, akawasha gari, akasubiri. Safari hii mashine ikalalamikia silinda ya pili. Tulituma mtu Grogan kununua koili moja, na kataliti ikabaki mahali pake.