Wakili Aliyekataa Kutubu

Agosti 1975, Mahakama ya Juu ya Massachusetts iliamua ombi la mzee wa miaka 70 aliyetaka jina lake lirudi kwenye orodha ya mawakili. Mzee huyo ni Alger Hiss, ofisa wa zamani wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani.

Mwaka 1948, Whittaker Chambers, aliyewahi kuwa mkomunisti, alimtaja Hiss kuwa mwenzake wa siri. Hiss alikana. Januari 1950 akatiwa hatiani kwa kusema uongo chini ya kiapo. Alikaa gerezani miezi 44, akafutiwa uwakili, na alipotoka akawa muuzaji wa vifaa vya kuandikia mjini New York.

Anayeomba kurudishwa hutarajiwa kuanza na toba. Hiss hakutubu. Alishikilia kwamba hakutenda kosa. Hapo ndipo penye fundo: kama kweli hakukosa, kusema "nisameheni" kungekuwa ndiyo uongo wenyewe.

Majaji waliliona fundo hilo. Walisema hatia ya 1950 inabaki palepale, lakini kukiri kosa hakuwezi kuwa sharti la kurudi. Wakapima alivyoishi tangu atoke gerezani, wakamrudishia uwakili.

Wanahistoria wengi leo wanaamini Hiss alidanganya. Basi huenda majaji walimrudisha mwongo. Hata hivyo, nasimama nao. Toba inayotolewa ili mtu apate kazi hutuonyesha shida yake tu. Moyo wake hatuujui.